Unyevu Uwe Juu

Niliitwa mchafu mlangoni kwangu, na mwalimu wa uyoga aliyeniita hivyo hakutumia hata neno lenyewe. Alitoa kitambaa mfukoni, akajiziba pua, akasema, "Mama, uyoga hautaki hivi." Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wa kikundi chetu, kila mmoja akinyoosha shingo aone ndani.

Ninakaa Kitale, mtaa wa nyuma ya msikiti, tangu nilipoolewa. Mtu anayetawadha kila siku, anayefagia ua kabla majirani hawajafungua madirisha, ukimwita mchafu umemgusa mahali pabaya. Hata sasa ninavyoandika hasira inapanda, na najiuliza kama ni hasira ya haki au ni ya mtu aliyeaibika tu. Sijui. Nitaeleza ilivyokuwa.

Chumba tulichooteshea uyoga ni stoo ndogo kando ya jikoni, ambamo marehemu mume wangu alikuwa akiweka baiskeli. Kina sakafu ya saruji na dirisha moja dogo. Kikundi kilikichagua kwa sababu kina giza na mlango wake unafunga vizuri. Tulichemsha majani ya ngano kwenye pipa, tukayapoza, tukayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu za uyoga, tukaitundika kwa kamba. Mwenyekiti wetu ni mama mkulima ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. Siku ile alinishika mkono akasema, "Huyu ni mtoto wa kikundi, dada. Tumekuachia wewe umlee." Nilikitembelea kile chumba kila nilipopita jikoni. Tangu nifiwe, hakuna mtu aliyekuwa ameniachia kitu cha kulea.

Mwalimu wa uyoga alikuwa ametufundisha uani kwa mwenyekiti, chini ya turubai. Simsingizii. Alikuja na pikipiki kwenye mvua, hakungoja hata chai, na alisema kila mwenye swali aulize. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo.

"Kitu kikubwa ni unyevu," alisema. "Unyevu uwe juu. Ukishuka, uyoga unakauka, unapasuka. Usikubali ushuke."

Aliyarudia maneno hayo hadi tukawa tunamalizia pamoja naye kama watoto wa chekechea. Uwe wapi? Juu. Usifanye nini? Usishuke.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini Kiswahili ndicho nilichokuta nyumbani. Nikiambiwa kitu kiwe juu, nakiweka juu. Mifuko ilipokwisha kutundikwa, nikalowesha magunia, nikayafunga kwenye boriti chini ya mabati, mifuko ikiwa chini yake. Halafu nikawaza, unyevu ukishakuwa huko juu, utatorokea wapi? Dirishani. Nikaliziba dirisha. Magunia yakaanza kudondosha maji. Yale matone nikaona ndiyo huko kushuka tulikokatazwa, kwa hiyo nikafunga nailoni chini ya magunia kama machela, maji yabaki huko huko. Jirani yangu, ambaye naye ni wa kikundi, alikuja kutazama akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Hapa hata mwalimu atashangaa," akasema.

Na alishangaa kweli.

Machela ile ilijaa, ikabonyea, ikapasuka, maji yote yakaingia mifukoni. Nyuzi nyeupe zilizokuwa zimeanza kutambaa kwenye majani zikageuka kijani. Ukuta ukaota weusi kama masizi. Harufu ilikuwepo, siikatai. Ilikuwa kama ya nguo zilizosahauliwa kwenye karai. Kwa hiyo pua aliiziba kwa sababu. Nilichokataa ni kile alichosema baadaye.

"Nimefanya vile ulisema, mwalimu."

"Mimi nilisema usafi, mama."

"Ulisema unyevu uwe juu."

"Ndiyo, uwe juu. Sasa hii ni nini?" Akanyoosha kidole kwenye magunia.

Mtu akikurudishia neno lako kama ndilo kosa lako, unaanza kujishuku. Nilitazama magunia, nikamtazama yeye, nikawaza labda siku ile nilikuwa nimesinzia. Akatoa simu akapiga picha: mifuko, ukuta, na mlango ukiwa wazi. Mwenyekiti akanivuta kando. Mifuko mingine ikija, alisema, itabidi ikae kwake. "Kwa muda tu, dada. Usikasirike." Aliposema usikasirike ndipo nilipokasirika, ingawa nilijua hakuwa na la kufanya. Wale wengine walikuwa wameshaanza kunong'ona.

Nilisugua ule ukuta kwa sabuni na jivu mpaka rangi ikatoka. Wiki ile niliona wanawake wawili wa kikundi wakinywa chai kwangu bila kugusa mandazi. Huenda walikuwa wameshiba.

Halafu wifi yangu akapiga simu kutoka Bungoma. Ni dada wa marehemu, na hajawahi kunipigia bila kicheko.

"Wifi, wewe sasa ni mtu maarufu, bana. Nimekuona huku."

"Umeniona wapi?"

"Kwa mkutano ya uyoga. Si mwalimu wenu anafundisha huku pia, anatupitishia picha kwa simu. Ati, 'Hii ni ya mama mmoja Kitale, muone vile uchafu unaua uyoga.' Mimi naangalia, naona mlango. Si hiyo rangi ndio mimi na ndugu yangu tulichagua?"

Mlango wa stoo yangu ni wa rangi ya zambarau. Kitale nzima sijauona mwingine. Sasa niseme haki: jina langu hakulitaja, na huenda aliona hiyo inatosha kunificha. Lakini ule mlango unanitaja kuliko jina. Na wifi, baada ya kucheka, alishusha sauti akasema, "Atarudi Alhamisi. Ukitaka, kuja."

Nilienda. Walikuwa wamekutana kwenye ukumbi wa kanisa, nami nikakaa nyuma na wifi, mtandio nimeushusha usoni. Mwalimu hakunitambua. Akaanza: unyevu uwe juu, ukishuka uyoga unakauka. Watu wakaitikia vilevile kama sisi. Halafu simu ikaanza kupita mkono kwa mkono, ikafika kwangu. Niliuona mlango wangu. Pembeni ya picha, kwenye kamba, kulikuwa na kanga yangu niliyokuwa nimeifua asubuhi ile, safi kabisa, na hakuna aliyekuwa ameiona. Sikuipitisha simu. Nikasimama nayo.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Unyevu uwe juu wapi?"

"Juu tu, mama. Juu kabisa."

"Ndiyo. Juu ya nini?"

Akafungua mdomo, lakini mzee mmoja aliyevaa gambuti akamtangulia. "Si juu ya dali. Mimi nimefunga branketi huko."

"Hapana, mzee," mwanamke wa mbele akamgeukia. "Ni juu ya mifuko. Mimi namwagia kira asubuhi."

"Nyinyi wote mumekosa," akasema mwingine. "Kwangu nimepanga ndoo kwa rafu."

"Na hiyo ndoo ikishuka?" wifi akauliza. "Si itakuua wewe kabla ya uyoga?"

Ukumbi ukacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza ni nani wengine waliokuwa wameweka maji juu, na mikono ikainuka moja moja, ya watu waliovaa vizuri, waliopiga pasi, watu ambao hakuna aliyekuwa amewapiga picha. Akatia mkono kwenye jaketi akatoa kitu cha mviringo kama saa, chenye mshale.

"Mimi nilikuwa nasema huu mshale," akasema polepole. "Huu unapima maji yaliyo kwenye hewa. Mshale uwe juu."

"Na siku ile Kitale huo mshale ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo aliponitambua. "Kwa mfuko wa jaketi," akasema.

Akaanza upya, na safari hii alieleza kama mtu anayemweleza mama yake. Mwaga mchanga sakafuni uuloweshe. Nyunyizia kuta kwa bomba la mkono, usilenge mifuko. Dirisha liwe wazi kwa wavu, maana hewa iliyofungiwa ndiyo inayoleta ukungu. Ukiingia, uso uhisi kama umetoka nje alfajiri baada ya mvua, lakini ukigusa mfuko usitone maji. Hata mimi nilielewa, na iliniuma kwamba maneno hayo alikuwa nayo siku zote.

Mwisho nikampelekea simu yake. "Na hii picha?"

"Ni ya mafunzo tu, mama."

"Basi fundisha yote. Waambie ni ya mtu aliyekutii."

Aliifuta mbele yangu. Akasema nimsamehe. Halafu, kama mtu asiyejua kunyamaza, akaongeza, "Lakini hata usafi, mama, ni muhimu pia." Wifi alinishika kiwiko tukatoka.

Sitaki kumdhulumu. Ni yeye mwenyewe aliyempigia mwenyekiti simu na kumweleza, kabla mimi sijafika nyumbani, na mifuko iliyofuata ililetwa kwangu. Nikamwaga mchanga, nikafungua dirisha nikaliwekea wavu, na kile kipimo cha mshale alichotuazima tukakitundika kwenye msumari wa baiskeli. Nyuzi zikatambaa nyeupe, zikaendelea kuwa nyeupe. Asubuhi moja nilikuta masikio madogo ya kijivu yamechungulia kwenye tundu la mfuko wa kwanza, nikasimama pale nikasahau chai jikoni ikafurika.

Mwalimu akaja kukagua. Kulikuwa na mvua, alikuwa amepitia sokoni, na wanawake wote wa kikundi walikuwa uani, pamoja na wale wa mandazi. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa zambarau, akashika komeo.

"Viatu," nikasema.

Alitazama chini. Tope la sokoni lilikuwa limempanda hadi kwenye kifundo. Akatazama wanawake, kisha akainama akaanza kufungua kamba, na mimi nikamsogezea ndoo ya maji na sabuni.