Mkao wa Mbuzi kwenye Kaseti ya Mama

Nilifuta sauti ya mama kwenye kaseti, nikaweka mpira. Haya, nimesema. Tena hata si mpira wa maana: ni mimi mwenyewe nikitangaza mechi ya Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne, mechi ambayo haijawahi kuchezwa, na ambayo ndani yake nilikuwa nimeshafunga mabao manne na kipa wao amebebwa kwenye machela. Nilitangaza vizuri mpaka nikajipigia makofi. Niliporudisha nyuma nisikilize utamu wangu, ndipo nikagundua kaseti niliyoipakia mpira ni ile ambayo kesho yake alfajiri ilitakiwa ipande boti kwenda Lituhi.

Mama yangu ni fundi cherehani hapa Liuli, na pia ni mwalimu wa yoga. Ukitaka kucheka cheka, kijiji kizima kilishacheka kwa zamu. Ilianza siku mgongo wake ulipokwama dukani Songea, alikokwenda kununua vitambaa. Hakuweza kuinama wala kunyooka, akabaki kama bawaba yenye kutu. Bibi mmoja wa Kihindi, mama yake mwenye duka, akamlaza sakafuni katikati ya majora ya vitenge, akamwonyesha namna ya kupumua na kujinyoosha. Mama alirudi nyumbani anatembea kama askari wa gwaride.

Tangu hapo kila safari ya vitambaa ilikuwa na somo. Kwenye sakafu ileile akakutana na wanawake wengine wawili waliokwama kama yeye. Mmoja ni wa Lituhi, kazi yake kuanika dagaa. Mwingine ni wa kule juu Mbinga, mwalimu wa shule ya msingi mwenye shamba la kahawa. Yule bibi alipohamia Dar es Salaam kwa binti yake, watatu hawa wakabaki walimu wasio na mkubwa wa kumuuliza. Kwa hiyo wakawa wanaulizana wenyewe, kwa kaseti. Mama anaongea: mkao mpya aliojaribu, nani goti limegoma, nani kalala katikati ya somo na kukoroma. Boti inaipeleka Lituhi, mwenzake anaongeza yake. Lori la dagaa linaipandisha Mbinga, wa huko naye anaongeza, kisha inateremka kwetu. Siku hizi kila duka linauza redio kaseti. Shida ni betri. Zikichoka tunazianika juu ya bati kama mihogo, zinapata nguvu ya kuongea kidogo, zinakufa tena.

Sasa, kaseti ya mwisho kutoka Mbinga haikuwa na vichekesho. Mwalimu alisema, "Jamani wenzangu, mimi nadhani niache. Wanafunzi wamebaki wawili, na mmoja anakuja kupumzika tu. Wanawake wa huku wakitoka kuchimba ngolo zao, yale mashimo ya kulimia kwenye miteremko, migongo inawaka moto, nikiwaita wananiambia, 'Mwalimu, unataka tuiname tena?' Na mume wangu anasema hata kuku wanalala chini, mbona hawaiti yoga."

Mimi nilicheka kwa ajili ya kuku. Mama hakucheka. Siku mbili alishona mikono ya mashati nyuma mbele. Siku ya tatu akafunga mlango, akaanza kurekodi jibu. Mimi nilikuwa dirishani, kwa bahati tu, nikasikia mwanzo: "Mwalimu mwenzangu, usiache." Halafu akapunguza sauti.

Hilo ndilo jibu nililolifuta.

Utaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Mama ana rula ndefu ya mbao ya kukatia vitambaa, na haipimi vitambaa peke yake. Isitoshe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nami nina kipaji. Naiga sauti yake tangu darasa la tano. Nilishawahi kukaa nyuma ya ukuta nikaamuru jirani arudishe chekeche letu, akarudisha, akaomba na msamaha. Tatizo ni kwamba mwaka huu sauti yangu inavunjika. Inaanza kama mama, inaishia kama baba mdogo.

Nikaingia jikoni kwenye kibanda, nikabonyeza kitufe.

"Mwalimu mwenzangu, usiache," nilisema kwa sauti ya mama, ikakwaruza, nikakohoa. Kutoka hapo sikujua mama alisema nini. Nikajaza. "Ukiacha, mimi huku nitabaki naongea na cherehani, nayo inajua neno moja tu." Hapo nilijishangaa mwenyewe. Mbuzi wetu akaingiza kichwa mlangoni, akalia mehee. Basi akanipa somo. "Na huu ndio mkao mpya," nikasema. "Unaitwa mbuzi kwenye muhogo. Piga magoti, shika chini, nyoosha shingo hadi uone shamba la jirani. Tafuna kulia. Tafuna kushoto. Ukitoa pumzi, lia kama mbuzi, mpaka hasira ziishe." Mbuzi akalia tena. "Huyo mwanafunzi wangu mpya," nikasema. Kaseti ikapanda boti.

Jumamosi moja, wiki kadhaa baadaye, lori lililotokea Mbamba Bay likasimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka mwalimu wa Mbinga, kuku mmoja mkononi, chupa ya asali kwapani, kifurushi cha tangawizi.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa yupi?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani, mzima kama jiwe.

"Karibu dada!" akaongeza mama. "Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Sauti yako yote imekwisha! Yule wa Lituhi alisema labda ni betri. Mimi nikasema betri hazikohoi."

Nilijaribu kumshika yule kuku nimpeleke nyuma ya nyumba, na mimi nibaki hukohuko. Mama akaniambia, "Kaa." Mgeni alishatoa kaseti mkobani.

Tukaisikiliza wote, hata kuku. Mama alikuwa anazungusha cherehani polepole ili mshono usikatike. Ilipofika lile la cherehani, mguu wake ukasimama. Ilipofika kwa mbuzi, akageuza kichwa, akanitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo, hata na mwalimu wa nidhamu.

Mgeni alimtazama mama, akanitazama mimi. Akaelewa. Uso ukamshuka. "Kwa hiyo si wewe uliyesema," akamwambia mama. "Nami nimeteremka milima yote ile."

Nilimwona anashika mkoba wake kama mtu anayetafuta lori la kurudi. Hapo nilijuta kweli. Rula niliisahau kabisa.

"Mimi pia nilisema," mama akajibu taratibu. "Nilisema usiache. Huyu kafuta."

Mgeni akakaa kwenye kigoda. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Anacheka! "Dada, nikwambie? Nilifundisha ule mkao. Niliona utakuwa wa kuagana. Wakalia kama mbuzi, wakacheka mpaka mmoja akatumbukia kwenye ngolo. Wiki iliyofuata wakaja na mawifi zao. Mume wangu alitoka ndani mbio anauliza mbuzi wa nani anaumwa." Akanigeukia. "Wewe. Hebu piga magoti nione."

Nikapiga magoti uani. Nikanyoosha shingo, nikatafuna kulia na kushoto, nikalia.

"Kiuno kimelegea," akasema mgeni.

"Na hapumui," akasema mama. "Anapiga kelele tu."

"Viwiko je, vinyooke?"

"Vipinde kidogo, dada, la sivyo mabega yanabeba kila kitu."

Wakasahau kabisa kwamba chini yao kuna mtu. Walinizunguka, wakanisukuma mgongo, wakabishana, mama akaingia kuchukua chaki ya kushonea akanichora uti wa mgongo juu ya shati. Mbuzi mwenyewe alikuja akanitazama kwa dharau.

Jumapili baada ya ibada walifundisha pamoja kwenye mchanga wa ziwani, na wanawake wa Liuli wakalia mpaka mitumbwi iliyokuwa inaingia ikapunguza makasia. Jumatatu mgeni akapanda lori. Alituachia asali, akasema ataendelea, na kwamba kaseti ijayo itatoka kwake, na hatakohoa.

Lori lilipopotea kwenye kona, mama alibaki amesimama barabarani, rula mkononi. Nikanyoosha viganja mwenyewe, kistaarabu. Hakuvigusa. Alisema hivi:

"Viboko vyako viko palepale, usidhani vumbi la lori limevifunika. Lakini lile la cherehani, mwanangu, nani alikwambia?"