Nguruwe wa Kona ya Tongoni

Dada yangu Khairat hakuumbiwa kukaa. Mama alikuwa akisema mtoto huyu kamwagiwa upupu. Alikula amesimama, na hata kwenye sala, salamu ya mwisho haijamkauka mdomoni amekwisha kuukunja mkeka. Pale Chumbageni alikuwa na cherehani la kukanyaga kwa mguu, na mlio wake ndio uliouamsha mtaa. Miaka ya shida, kitambaa kilipopatikana kwa kujuana, aligeuza mapazia ya watu kuwa magauni. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa na mitumba ikamwagwa sokoni, mafundi wenzake walikunja mikono. Yeye akaanza kuipunguza na kuitengeneza upya hiyo hiyo mitumba, na kuitembeza mpaka kijijini Kigombe.

Kigombe alikwenda na Shaib, dereva wa pikapu ya Bwana Hilal, mfanyabiashara wa mjini. Shaib alifiwa na mama akiwa mchanga, na Khairat, aliyekuwa akimnyonyesha binti yake, akampa ziwa la pili. Kwa dini na kwa mila, huyo ni mwanawe.

Basi Idi ilikuwa imekaribia, na nguo za watu zimejaa vifurushini, gari lilipopinduka kwenye kona ya Tongoni. Abiria wengine walitoka na michubuko. Khairat alivunjika mguu wa kulia, chini ya goti.

Polisi walipomjia hospitali aliwaambia kwamba nguruwe pori alikatiza barabara. Shaib alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, akainama. Wazee wa mtaa waliposikia walifurahi sana. Angetaja ng'ombe, mwenye ng'ombe angetafutwa. Angetaja mbuzi, vivyo hivyo. Lakini nguruwe, katika vijiji vyetu vile, nani atajitokeza aseme ni wake? Ikasomwa fatiha, Shaib akapiga magoti kuomba radhi, na Khairat akatamka mbele ya watu kwamba amesamehe. Mimi nilikasirika. Nilimwona yule kijana akinywa chai yetu, nikatamani nimfinye.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa haujaunga. Daktari akasema lazima apasuliwe hospitali kubwa ya Moshi, atiwe chuma, la sivyo cherehani asilifikirie tena. Uwezo wa kumpeleka Moshi hatukuwa nao. Ndipo nilipojua kukaa na mtu asiyeweza kukaa. Barazani, jikoni, mlangoni, tena barazani, magongo yakigonga sakafu mpaka nikawa nayasikia usingizini. Atajikongoja mpaka kwenye cherehani, alizungushe gurudumu kwa mkono, sindano iruke, uzi ukatike, ainuke tena. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikamburura mpaka ofisi ya bima. Tulipokewa na mama mmoja mpole aitwaye Praxeda, akatueleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Gari la Bwana Hilal limekatiwa bima, akasema, kwa ajili ya watu kama Khairat, wanaoumizwa nalo. Anayelipa ni shirika, si dereva. Ila shirika hulipa pale dereva anapokuwa na kosa. Kisha akayasoma maelezo ambayo Khairat aliwapa polisi, akavua miwani.

"Mama, nguruwe hana bima."

Khairat akamjibu kwamba yeye amekwisha kusamehe mbele ya watu, na hawezi kula matapishi yake.

"Umemsamehe mwanao, na Mungu akulipe," akasema Praxeda. "Lakini shirika lilikukosea nini hata ulisamehe?"

Mimi nilicheka. Khairat hakucheka. Alisimama kwa magongo yake akatoka, na mimi nikamfuata mpaka nje, nikamshika mkono, nikamuuliza anamlinda yule mpaka lini. Akanitazama machoni.

"Mimi ndiye niliyemhimiza," akasema. "Alitaka kupunguza pale konani. Nikamwambia akanyage, wateja wa Idi hawangoji. Leo nikaseme kosa ni lake?"

Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Lakini jioni nilimfuata Shaib kwa siri, nikamkuta anaosha gari, nikamweleza habari ya bima, ya Moshi na ya nguruwe. Sikumgombeza. Alisikiliza, kitambaa kikichuruzika maji mkononi.

Kesho yake asubuhi tukasikia yuko polisi. Khairat hakungoja hata kujitanda kanga sawasawa. Alitoka na magongo yake, mbio mbio, mimi nyuma namwita asimame, na ukaidi wake ukaninyima pumzi. Tulimkuta Shaib anatoka getini.

"Nimewaambia nilikimbiza gari," akasema. "Hapakuwa na nguruwe."

"Umewaambia kama ni mimi niliyekuhimiza?"

"Mguu uliokanyaga mafuta ni wangu, mama."

Khairat akalia pale pale barabarani, na watu wakipita.

Mahakama ilimfungia Shaib leseni, na Bwana Hilal akampa gari dereva mwingine. Bima nayo ilijikokota. Tulikwenda na kurudi mpaka bawabu wa pale akawa anatuuliza hali za wajukuu. Mwishowe ikalipa, Khairat akaenda Moshi, akatiwa chuma, akarudi na amri ya daktari kwamba mguu ule upumzike kwa muda mrefu. Kupumzika, yeye! Aliketi mbele ya cherehani akilikodolea macho, vidole vinacheza juu ya kitambaa.

Shaib, ambaye sasa hakuwa na kazi wala pa kwenda, akavuta kigoda akakaa ubavuni kwake, akanyoosha mguu wake mpaka kwenye ubao wa kukanyagia. Khairat akashika kitambaa. Mlio ule ukarudi Chumbageni, kwanza kwa kusitasita, kisha kijana akapata moto, cherehani likatikisika lote na sindano haionekani.

"Punguza, mwanangu," Khairat akamwambia. "Wateja watangoja."