Njia ya Ukingoni Kwenda kwa Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, baba yangu alipokataa kupanda pikipiki. Tulikuwa tumeshuka kwenye lori, pale barabara ya kutoka Likasi inapoligusa Ziwa Tshangalele. Mwenye pikipiki alikuwa tayari kutufikisha kwa shangazi kabla ya adhuhuri. Baba alimshukuru, akashika fimbo yake, akaingia njia ya miguu inayofuata ukingo wa maji. Kwa mwendo wake, hiyo ilikuwa safari ya siku kadhaa.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Vumbi la chokaa la Kakontwe, alikovunja mawe ujana wake wote, lilimwachia kifua kizito. Tena hatukujua kama tutapokelewa. Bibi yangu alipofariki, baba hakwenda kumzika. Alituma neno tu kwamba kazi haingoji. Shangazi, dada yake mdogo, akaapa kuwa mlango wake hautamfungukia tena. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Miaka ilipita bila salamu kati yao, na sasa baba alitaka kumwona kabla kifua hakijamshinda.

Njia ile ni nzuri, mwanangu, uiendee siku moja. Mkono mmoja una matete na mayungiyungi, na yangeyange wamesimama juu ya visiki vya miti iliyozama. Mkono wa pili ni msitu, na vichuguu virefu kuliko nyumba. Njia yenyewe haikati kona yoyote. Kila mkunjo wa maji inauzunguka, na mimi, kijana wa karakana kule Shituru niliyezoea kunyoosha vyuma, niliona ni kupoteza muda.

Kilichonichosha zaidi ni salamu. Kila kambi ya wavuvi, baba alikaa chini, akatoa chumvi kidogo, akauliza habari za wagonjwa na za watoto. Kisha akataja jina lake, akasema wazi, "Niko naenda kuomba dada yangu masamaha. Sikuzika mama yetu." Nilitamani ardhi inimeze. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki juu ya kichanja alinitazama nikizungukazunguka, akacheka.

"Papa, mutoto yako iko anatembea sawa vile mbwa iko nyuma yake."

"Mbwa iko ndani ya kichwa yake," baba akajibu, na kambi nzima ikacheka.

Tulipoondoka pale nilishindwa kujizuia. Nilimwambia anajiaibisha kwa watu asiowajua, na kwamba kifua chake kitaishia njiani. Alisimama hadi pumzi ikatulia.

"Weye unataka nifike," alisema. "Minye nataka anipokee. Kama nafika na pikipiki, atasikia kelele na atafunga mulango. Acha habari itangulie. Na yeye anapashwa kupata wakati ya kukasirika, na ya kumaliza kukasirika."

Nilichukua mzigo wake, nikamwacha atangulie ili nifuate mwendo wake. Mwenda pole hajikwai.

Asubuhi ya mwisho kifua kilimbana. Aliketi juu ya jiwe penye kona ya maji, uso umemgeuka kijivu, na mimi nilikuwa nimeshaweka mzigo chini nikimbie kutafuta pikipiki. Ndipo mwanamke alipotokea upande wa pili wa kona, beseni kichwani. Alikuwa shangazi. Alisimama mbali kidogo, akamwita baba kama dada mdogo wa kwetu amwitavyo kaka yake.

"Yaya, bantu ya kambi banasema uko unakuya."

"Sijafika ku mulango yako," baba alisema.

"Najua. Nilisema mulango haitafunguka. Juu ya njia sikusema kitu."

Baba aliinamisha kichwa. "Kazi ilikuwa inaweza kungoja, dada. Ni mama njo hakungoja."

Shangazi alitua beseni, akalifunua: bukari, ugali wa kwetu, na samaki, bado vya moto. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti ilikuwa ya kugomba. "Kula kwanza. Umekonda sawa fimbo yako."

Tulikwenda pamoja taratibu hadi kwake. Shangazi alitandika mkeka uani, tukakaa nje mpaka alipoinuka mwenyewe na kuusukuma mlango ukafunguka.

Mwanangu, siku hizi mnaomba radhi kwa simu. Ujumbe unafika mara moja, kisha mnashangaa kwamba haukujibiwa. Ukimkosea ndugu, mwendee. Usimfikie ghafla. Taja kosa lako wazi huko njiani, hata likikutia haya, kwa maana habari itakutangulia na kulainisha pale ambapo maneno yako hayafiki. Mpe nafasi naye atoke kwake aje kukulaki. Na ukiwa na mtu dhaifu safarini, yeye ndiye atangulie.

Mungu akupe kifua chepesi na miguu yenye subira. Na yule unayemwendea, akukutanishe naye njiani, beseni likiwa bado la moto.