Kidude cha Shaba cha Mama Mkwe

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Nilikuwa bado mgeni pale Igamba, nina mimba ya pili, ya kwanza ilikuwa imetoka. Nikaingia kwa mama mkwe kuomba moto. Nikamkuta ameketi kitandani, ameshika kidude cha shaba, kidogo kama yai la njiwa, kina matundu juu na pete ya kupitishia mnyororo. Anakinusa, amefumba macho, huku ananong'ona. Aliponiona akakiingiza kifuani haraka.

Mtu mwenye akili angeuliza, "Mama, hiki ni nini?" Maneno manne tu. Mimi nikaenda kumwuliza jirani, ambaye naye alikuwa hajui.

"Kina matundu?" akasema. "Basi ndimo anamotokea usiku kwenda kuwanga. Hiyo mimba yako ya kwanza unadhani ilikwenda wapi?"

Ya pili nayo ikatoka. Nikasema. Sikunong'ona, nilisema mama mkwe ni mchawi, mbele ya mume wangu na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Mama mkwe akavuliwa kile kidude watu wakitazama. Kilipofunguliwa, ndani mkakutwa pamba nyeusi, na watu wakarudi nyuma kama wameona nyoka.

"Ni cha mume wangu," akasema. "Kina harufu yake."

Wakacheka. Akapelekwa Kamsamba kwa kaka yake, kwenye joto lile, mtu aliyezoea baridi ya kwetu. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, hakumsindikiza hata hadi barabarani. Kidude hakuna aliyetaka kukigusa, kikaachwa kwangu. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakichomeka kwenye paa.

Baadaye nikazaa watatu, wote wazima, na watu wakasema, unaona?

Miaka ikapita. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakajaa Tunduma, nami nikakumbuka ile shaba. Nikaenda kuiuza. Pale sokoni nikapita mbele ya meza ya mama mmoja wa Tanga, muuza udi na marashi. Akakiona mkononi mwangu.

"Mama, umekitoa wapi hiki? Hebu lete nione."

"Usishike, ni cha uchawi."

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kama huu ni uchawi, basi mchawi mkuu ni mimi. Tazama meza yangu!"

Akanieleza taratibu. Pamba hulowekwa marashi, matundu hutoa harufu, pete ni ya mnyororo wa shingoni. Bibi yake alikuwa na kama hicho, akikivaa kwenye harusi. Kisha, kwa pini ya nywele, akachomoa ile pamba nyeusi na kuitupa chini, akaweka nyeupe, akaidondoshea marashi ya waridi. "Haya, kimekuwa kipya." Nami nilisimama namtazama, nikashukuru.

Kesho yake nikapanda lori la wanunuzi wa mpunga hadi Kamsamba. Nilimkuta hai, macho yameingia ukungu. Nikapiga magoti, nikamwekea kile kidude kwenye kiganja. Akakijua kwa vidole kabla sijasema neno. Akakipeleka puani. Kisha akakishusha.

"Hii siyo harufu yake."

"Mama, nimekuwekea mpya."

"Ile pamba iko wapi?"

Nikamwambia. Imebaki sokoni, kwenye matope.

Halafu akasema mume wake alikuja nacho kutoka migodini Zambia, likizo yake ya mwisho. Pamba aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi shimoni, hakutoka. Ile harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, ya kutafuta, na kila asubuhi yeye alikuwa akiinusa na kumwamkia mumewe. Ndicho nilichokisikia kikinong'onwa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Kaa nacho wewe," akasema. "Mimi hakinifai tena." Na nyumbani hakurudi.

Mwanangu, mara ya kwanza nilitaka kumharibia, mara ya pili nilitaka kumtengenezea, na mara zote mbili sikumwuliza mwenye kitu. Nyumba za wazee zina vidude vingi: kitana cha pembe, kikopo cha ugoro, kibuyu cha mafuta ya kujipaka. Ukikiona kimoja, usikitafutie maana kwa jirani. Mwulize mwenyewe, angali hai, kisha unyamaze usikilize. Wala usikisafishe kabla hajakuambia uchafu ule ni wa nani.

Juzi nimemsikia mke wa mjukuu wangu akimwuliza jirani uzioni, ati kile kidude bibi anachokishika asubuhi ni cha nini. Masikio yangu bado mazima. Nami nipo hapa uani, siendi popote. Njooni mniulize.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza, mwanangu. Na siku utakapozeeka, akupe mtu wa kukuuliza.