Upande wa Walio Hai

Anestis ana miaka tisini na tisa, na tangu aondoke Ugiriki hajapanda ndege hata mara moja. Majirani zake pale Rexdale, mjini Toronto, hawamwelewi. Rubani wa jeshi mzima, picha yake ukutani kavaa miwani ya kurukia, anaogopa nini? Alikuja Kanada mwaka 1956 kwa meli, akapanda treni mpaka Toronto, akaosha vyombo hotelini, kisha akapigilia ribiti za kuungia mabati kwenye kiwanda cha ndege miaka thelathini. Kuzitengeneza alizitengeneza, kuzipanda, thubutu! Mama yake alipofariki kijijini hakwenda kumzika. Alisingizia kazi.

Ndege zinazoshuka uwanjani hupita karibu na ghorofa yake. Kila inapopita, mzee husimamisha kijiko hewani na kutega sikio. Anasubiri mshindo. Mshindo hauji, naye huendelea kula supu iliyokwisha poa.

Mwaka 1949 Wagiriki walikuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Anestis alikuwa kwenye jeshi la anga, upande wa serikali. Kaka yake, Fotis, alikuwa mlimani na waasi. Asubuhi moja ya Agosti Anestis, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akatumwa kuangusha mabomu ya moto kwenye ukingo wa mlima. Alijua kikosi cha Fotis kiko pale, maana mama alikuwa amemdokezea kwenye barua. Akayaangusha. Aliona watu wakikimbia, wadogo sana. Ukiwa juu vile, mtu hana sura.

Fotis hakuonekana tena. Wenzake wengine walivuka mpaka wakaishia nchi za mbali, kwa hiyo mama akashikilia kwamba mwanawe yu hai. Sasa, kanisani kwao kila familia hupeleka karatasi ya majina ambayo padri huisoma: juu huandikwa walio hai, chini, penye msalaba, waliolala, yaani waliokufa. Mama alimwandika Fotis juu mpaka alipokufa, na Anestis akaendelea vivyo hivyo. Mama alifanya hivyo kwa matumaini. Yeye alifanya kwa woga, kwa sababu kumshusha kaka yake chini ni kukiri nani aliyemshusha.

Mwaka huu mikono ilimtetemeka mno. Akamwomba Goretti, mama wa Kikongo anayekuja kumhudumia kila asubuhi, amnakilie karatasi ya mwaka jana. Goretti humwita Papa, kama wazee wanavyoitwa kwao Uvira. Kwa Kigiriki papa ni padri. Siku ya kwanza mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Goretti akanakili kwa mwandiko mzuri. Alipomkuta Fotis kati ya walio hai alisita. Siku zote mzee husema kaka yangu Fotis alikuwa hivi, kaka yangu alikuwa vile. Uzee huo, akajisemea, na ili asimwaibishe, akamshusha Fotis kimyakimya penye msalaba.

Jumamosi ya kuwaombea wafu wakaenda kanisani, mzee kwenye kiti cha magurudumu. Padri akasoma waliolala: Evanthia (mke wa Anestis), Despina (mama yake), Fotis. Mzee akashika gurudumu kwa nguvu. Alitazamia watu wageuke wamtazame. Hakugeuka mtu. Bibi mmoja alikuwa akipenga kamasi.

Walipofika nyumbani hakutaka kuvuliwa koti.

"Nani kamshusha Fotis?"

Goretti akashtuka. "Pardon, Papa. Nilizani umekosea, njo maana nikamushusha. Nitarudia kwa padiri, nimuambie."

"Usirudi," mzee akasema. "Umemweka alipo. Nilimchoma mimi. Nilijua yuko pale, na nikamchoma."

Hakuwahi kulitamka neno hilo, hata kwa mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na minane. Goretti, aliyekuwa bado kamshika bega, akautoa mkono. Wakati wa vita kwao aliwahi kulala kifudifudi kwenye shamba la mihogo na watoto wake wawili, mabomu yakipita juu, na mzee alikijua kisa hicho kwa sababu alimsimulia mwenyewe. Anestis aliutazama mkono ule ukiondoka, akaona ni haki.

Goretti akaketi mezani. Akaivuta karatasi waliyorudishiwa kanisani, labda apate pa kuweka macho. Sehemu ya juu ilikuwa tupu. Kumbe kwenye karatasi ya mwaka jana jina pekee la aliye hai lilikuwa la Fotis.

"Papa," akasema, bado hajamtazama, "huku juu hakuna tena mutu. Na weye? Si uko muzima?"

Ndege ikapita. Mzee hakuisikia. Tangu Agosti ile hakuwahi kumwomba padri, wala mtu yeyote, amtaje mbele ya Mungu.

"Niandike," akasema hatimaye. "Ila mwambie padri anisome polepole, kwa sauti ya chini. Fotis asisikie."