Puluki Kwenye Nyumba ya Msiba

Nichekeni tu, jamani, msijizuie, maana hata wajukuu zangu hunicheka wakiisikia hadithi hii, na mimi nimeshafika umri ambao aibu haina tena cha kunifanya. Lakini siku ile niliyoingia kwenye nyumba ya msiba ya watu pale Likoni nikimeremeta mwili mzima, niliomba ardhi ipasuke inimeze, na ardhi (kwa ukaidi wake) ikatulia vile vile kama haikusikia.

Yote yalianzia kwenye upweke, nawaambia wazi, wala sitausingizia ushamba. Ilikuwa wakati wa vita, mume wangu Juma amechukuliwa jeshini, yuko Bama, ndivyo tulivyoiita Burma, ng'ambo ya bahari, na mimi ni mke wa juzi juzi ambaye hata vyombo vya harusi havijaisha kutolewa kwenye makasha. Nyumbani nilibaki na mavyaa wangu, yaani mamake Juma, mwanamke mwema lakini wa maneno machache, na sisi wawili tulikula wali wetu kimya kila jioni, kila mmoja akimfikiria mtu yule yule bila kumtaja. Kitandani nilijibana upande wangu wa ukutani, nikimwachia Juma nafasi yake (kama vile angeingia muda wowote akitaka kujinyoosha).

Basi akaja askari mwenzake, karudishwa nyumbani kwa jeraha la mguu, kutuletea salamu. Mavyaa alipoingia jikoni kumtilia kahawa, yule bwana akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, ile picha yenu ya harusi aliyoondoka nayo imeingia maji ya mvua. Sura yako imetoka yote, kimebaki kiti. Juma asema akijaribu kukukumbuka uso, haumjii."

Hilo neno liliniuma kuliko vita vyenyewe. Risasi nilikuwa nikimwomba Mungu kila sala zimpite, lakini kusahauliwa sikuwa nimekuombea dua yoyote. Nilijitazama kwenye kioo nikaona uso wa kawaida kabisa, uso ambao mtu anaweza kuusahau bila hata kusaidiwa na mvua, nikaapa kwamba picha nyingine nitampelekea, na hiyo haitasahaulika.

Siku zile kulikuwa na Mhindi mmoja, fundi wa picha, akivuka na feri kuja upande wetu na kamera yake ya miguu mitatu, akisimamisha turubai karibu na soko na kutundika pazia lililochorwa jumba na maua. Wifi yangu Saumu, dadake Juma, akakubali kunisindikiza, lakini kwa siri, maana kwetu mke ambaye mumewe yuko safarini hapaki hina, hajifukizi udi, hajirembi, amrembee nani? Mavyaa nilimwambia naenda kwa Saumu kusukwa nywele. (Na nywele nilisukwa, kwa hiyo si uongo mzima.)

Sasa yule fundi alikuwa na chupa ya unga wa puluki mezani, vile vitu vinavyong'aa vya kushonea nguo za maharusi, yeye kavisaga. Akaniambia, "Kidogo tu, mama, juu ya shavu. Picha inapata mng'aro." Angekuwa amemwambia mwanamke mwingine, yangeishia hapo. Lakini mimi nilikumbuka ile picha ya harusi ilivyokuwa giza, nimepigwa kivulini, kilichoonekana ni meno na pindo la leso, nikasema moyoni, safari hii Juma ataniona hata akiwa katikati ya msitu. Fundi alipogeuka kuhangaika na kitambaa chake cheusi, nikamimina unga wote kiganjani, nikauchanganya na mafuta ya nazi tuliyosukia nywele ili ushike vizuri, nikajipaka uso, shingo, mikono, mpaka masikio. Masikio, jamani! Masikio yana kazi gani kwenye picha?

"Wifi, si yatosha hayo?" Saumu akauliza.

"Juma yuko mbali," nikamjibu, kana kwamba ataniona kwa macho kutoka huko huko.

Fundi alipogeuka akanitazama, akaenda zake nyuma ya kamera. Jua la mchana linaingia, natakiwa nisitikisike, nami nikakaa kwenye kiti nikimwaza Juma kwa nguvu zangu zote ili aone kwamba namwaza. Hata sijainuka vizuri, jirani yetu mmoja akapita mbio na buibui lake likipepea, akanitambua, akapaza sauti.

"Mishi! Wewe uko hapa wajipumzikia, na mume wa Bi Mwanakombo amefariki? Mavyaako yuko huko tangu adhuhuri, akuuliza!"

Bi Mwanakombo nyumba yake na yetu ni ukuta kwa ukuta. Mkono wake ndio ulionishika nikishuka kwenye gari la harusi. Kwetu harusi waweza kuchelewa, ukatoa udhuru, ukasamehewa. Msiba wa jirani hauchelewi, na mke kijana asiyeonekana kwenye kilio cha kwanza huwa habari mji mzima. Nikakimbilia ndoo ya maji ya fundi nikajisugua kwa leso, lakini mafuta na maji hayajawahi kupatana, na kila nikisugua ule unga unatandaa pale ambapo haukuwapo. Nikateremsha buibui mpaka kidevuni, nikajiambia nitakaa pembeni, nitalia kidogo, nitatoroka.

Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa, mikeka haionekani, joto la kupika maandazi. Nikajipenyeza pembeni. Mavyaa akaniona.

"Njoo umshike mwenzio, mwanangu," akasema. "Na ufunue uso, hapana wanaume hapa."

Nilifanya nini? Nikafunua. Dirisha lilikuwa nyuma yangu, chumba kina kigiza, na watu macho yamejaa machozi, hakuna aliyesema kitu. Nikapiga magoti mbele ya Bi Mwanakombo, aliyekaa ameegemea ukuta bila sauti, nikamkumbatia, shavu la kulia, shavu la kushoto, kama tufanyavyo, na hapo nikalia kweli, tena kwa kwikwi, wala sikujua namlilia yule marehemu au najililia mimi. Nikarudi pembeni. Baada yangu akaenda mwingine kumshika, na mwingine, na mwingine, shavu kwa shavu, na mimi kwa jasho na machozi yangu sikuwa na habari ya kinachoendelea.

Mpaka mtu akaufungua mlango wa uani kuingiza maji ya kunywa, na jua la alasiri likaja moja kwa moja ndani. Jamani. Nyumba nzima ilikuwa inameremeta. Bibi wa kwanza ana puluki kwenye pua, wa pili kwenye nyusi, mavyaa wangu mwenyewe ana kidoa kidevuni, na katikati yao Bi Mwanakombo, mjane ambaye eda yake imeanza siku hiyo hiyo, asiyeruhusiwa hata wanja, mashavu yake yote mawili yang'aa kushinda ya bibi harusi yeyote aliyewahi kutolewa Likoni.

"Audhubillahi!" akapiga kelele shangazi wa marehemu. "Mjane karembwa! Nani kamremba mjane?"

Wakaanza kutazamana, kisha kujigusa, kisha kutafuta, na hawakutafuta sana, kwa sababu pembeni pale mimi nilikuwa nawaka peke yangu mpaka masikioni. Kilio kikakatika kabisa. Mavyaa akanitazama kwa muda, akauliza polepole, na afadhali angenipiga.

"Umejipambia nani, Mishi?"

"Juma," nikasema.

Juma yuko Bama, kila mtu anajua. Niliona macho yakipishana, na nikayasoma yote yaliyokuwa yanasemwa humo. Nilitaka kueleza habari ya mvua na kiti kilichobaki kwenye picha, lakini ningeeleza vipi mbele ya mwanamke ambaye mumewe yuko chumba cha pili anaoshwa?

Ndipo Bi Mwanakombo, ambaye tangu mumewe akate roho hakuwa amefungua kinywa, akapitisha kidole shavuni, akakitazama kidole kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Mwateni," akasema. "Wake yu hai. Mwateni ajipambe."

Akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani, kilio kikaanza upya, nami nikatoka.

Waliniacha kweli, tena mno. Miezi mingi nilikwenda kisimani wanawake wakihamisha maneno nikifika, na Saumu mumewe akamkataza kuja kwetu. Mavyaa aliniamini nilipomweleza, lakini hakuwa mtu wa kwenda kunitetea barazani. Puluki zenyewe ziligoma kuondoka. Nilikuwa naziona kwenye mkeka, kwenye mto, kwenye ule upande wa Juma wa kitanda, nami nazifagia nikilia. Na ile picha? Fundi alinikabidhi akitazama pembeni. Kila chembe ilikuwa imepiga mwanga wake, uso wangu wote madoa meupe, utasema nimetoka kuugua ndui. Kupigwa nyingine nisingeweza, nani angenisindikiza? Nikaipeleka posta vile vile ilivyo, na jibu sikupata.

Vita vikaisha. Juma akarudi na feri ya asubuhi, mwembamba, akasimama mlangoni mimi nikipepeta mchele, na badala ya salamu akanishika uso kwa mikono miwili, akaupeleka kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku.

"Yako wapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Makovu. Mimi nilidhani umeugua ndui, nikaona haya kukuuliza. Nikayatazama kila siku." Akapitisha kidole shavuni kwangu. "Nilikuwa nimeshayazoea, Mishi. Nilikuwa nimeshayapenda."

Puluki sijagusa tena tangu siku ile, hata kwenye nguo za binti zangu nilikataa zishonwe. Lakini ngojeni niwaambie moja la mwisho, mnicheke vizuri. Juma alipofariki, mzee, kitandani pake, nilikaa eda kwenye chumba chetu kile kile. Bi Mwanakombo alikuwa ametutangulia zamani. Wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja, wakanishika, shavu la kulia, shavu la kushoto, wote kwa adabu zao, wote wakavu, wakaenda zao. Na kila mlango ulipofunguliwa niliinua uso, nikitamani aingie mjinga mmoja tu, amejipaka mpaka masikio, anishike alie, aniachie kidogo shavuni.