Sista Taratibu na Neno la Mlangoni

Wodini tulimwita Sista Taratibu, kwa sababu hata kabla ya kukudunga sindano alikuomba radhi. Mimi ni mlinzi wa mlango wa wodi hiyo, mtu wa rungu na maneno machache, na kwa miaka kumi na minne sikuwahi kumsikia akitamka "amekufa". Mgonjwa akifa, yeye alisema amepumzika. Mwaka wa janga alilisema neno hilo hata mara saba kwa siku, barakoa usoni, huku ndugu wa marehemu wakimtukana na kumrushia viatu. Mwenye nyumba wake alimtolea vyombo nje kwa kuogopa ugonjwa. Akahamia kwa dada yake, na kesho yake akaja kazini.

Janga lilipokwisha, wenzake wakaanza kuacha kazi mmoja mmoja. Naye akaandika barua ya kuacha kazi, ikakaa mfukoni.

"Mbona huipeleki, Sista?" nikamuuliza.

"Nikiondoka mimi, kaka, nani atawaambia watu vizuri?"

Basi siku moja, mchana kweupe, akaja kijana mmoja, mwana wa mzee wa kitanda cha tisa. Mzee alikuwa amekata roho nusu saa iliyopita, baada ya siku tatu za kuhangaika bila usingizi.

"Mzee amepumzika," Sista akamwambia.

"Ah, afadhali! Asante, Sista. Siku tatu hajafumba jicho!" Akatoka mbio, anacheka, kwenda kumletea uji.

Nilisikia. Nilielewa kwamba hakuelewa. Lakini Sista alikuwa ameshaitwa kwa mgonjwa mwingine, nami nikajiambia hiyo si kazi yangu. Najilaani mpaka leo.

Kijana alirudi na chupa ya uji, akakuta kitanda kitupu, godoro halina shuka. Alimfuata Sista kimya kimya, akampiga chupa ya uso. Taya likavunjika, nililisikia. Akampiga tena alipoanguka, uji wa moto ukamwagika shingoni. Ndipo nikafika na rungu. Mkono mmoja nilimvunja kwa wajibu, wa pili kwa hasira, wala sifichi. Meno mawili ya Sista yalikuwa sakafuni, na kijana kando yake analia, "Umenichekesha! Baba yangu amekufa, umenichekesha!"

Wiki nane Sista alikaa na taya lililofungwa waya. Dada yake alimsihi aache kazi. Akakataa, akarudi.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, bibi mmoja akamshika mkono mlangoni. "Mwanangu, mume wangu anaendeleaje?"

Mumewe alikuwa amefariki asubuhi. Sista akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi.

"Si amelala tu?" bibi akauliza.

"Amekufa!" Sista akapiga kelele, akimtikisa mabega. "Amekufa, bibi! Amekufa, umesikia?"

Bibi alijaribu kujinasua. Sista akamsukuma. Kichwa kikagonga ukingo wa mlango, damu ikachuruzika mpaka kwenye kanga.

Sista alipiga magoti, akaliziba jeraha kwa kiganja mpaka wenzake walipofika. Kisha akanawa mikono, akatoa ile barua mfukoni, akaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa matroni. Hakukaa hata dakika tano.

"Sasa na mimi nimepiga mtu, kaka," aliniambia alipotoka.

Nikamfungulia mlango.